Kiapo cha Muthama

Jumamosi hiyo mimi na shangazi yangu Kathini tulikuwa mlangoni pake, Kwa Vonza, tukiambua mbaazi. Kuku waligombania maganda. Redio ya zamani ilikuwa dirishani bila betri, pambo tu, kumbukumbu ya marehemu mumewe, fundi Musyimi.

Sokoni vipaza sauti vilikuwa vinatangaza sherehe ya stesheni ya redio. Muthama, mwenye stesheni, alikuwa anakuja kusimulia hewani jinsi alivyoianzisha. Alivyoianzisha! Asi! Mwizi hana haya. Musyimi ndiye aliyeunganisha mtambo wa kwanza nyuma ya duka lake, akafunga waya juu ya tangi la maji, akatangaza ng'ombe waliopotea na matanga ya watu. Muthama alikuwa rafiki wa kukaa tu pale dukani. Musyimi alipopigwa na stima juu ya mlingoti, Muthama alihamisha mtambo kabla hatujamzika. Redio iliyotangaza vifo vya kila mtu haikutangaza chake.

Shangazi alitaka kitu kimoja tu, jina la mumewe litajwe hewani kabla yeye hajafa. "Twende," nikamwambia. Nilikuwa nimewaka.

Tulimkuta Muthama ndani ya hema la sherehe, ameshika maikrofoni ile ya kwanza, bado imezungushwa utepe mweusi wa Musyimi.

"Shemeji," shangazi akamwambia kwa upole, "mtaje mwenzako. Jina tu."

Muthama akacheka, na tulikuwa hewani. "Mama, hii stesheni nilianzisha mimi. Musyimi alikuwa wa kubadilisha betri. Ama mnataka niapie kithitu?"

Watu wakasogea nyuma. Sisi Wakamba, waliookoka na wasiookoka, hatuchezi na kithitu, kile kitu cha kuapia. Ukikigonga ukiapa uongo, umejimaliza wewe na ukoo wako.

"Kithitu changu ni hii!" Akaigonga maikrofoni kwa kalamu. "Kama nadanganya, sauti yangu isirudi nyumbani na mimi."

"Usigonge tena," shangazi akanong'ona.

Akagonga tena.

Vipaza sauti vikakata. Midomo ya Muthama ilikuwa inaenda. Hakuna sauti. Akaitupa maikrofoni, akapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikasimama. Hakuna sauti. Mchungaji mmoja alimwekea mkono kooni ili amwombee, akauondoa haraka.

"Ni baridi," akasema.

Mimi nilifurahi. Nilifurahi njia nzima, mpaka tulipokaribia nyumbani na kusikia mtu anaongea ndani.

Mlango ulikuwa na kufuli. Tukafungua. Hakuna mtu. Ilikuwa ile redio.

"Kwa masikitiko," Muthama alikuwa anasoma, "tunatangaza kifo cha fundi Musyimi, mume wa Kathini, mwanzilishi wa stesheni hii." Halafu akanong'ona. "Mama Kathini, nifungulie. Huku ni giza. Musyimi yuko hapa na mimi."

Halafu akaanza tena.

Mkewe Muthama alikuja akilia, akiomba hiyo redio. Mumewe alikuwa hajatoa neno tangu siku ile. Nilimhurumia kidogo, nikamwambia shangazi tufungue pale pa betri, pengine ataachiliwa.

Hapakuwa na betri. Palikuwa na kalamu ya Muthama, ina joto, kama imetoka mkononi sasa hivi.

Shangazi akairudisha, akafunga kifuniko, akavuta ungo wake wa mbaazi.

"Asome tena," akasema. "Mimi nilingoja zaidi."