Aliyezima Simu

Walikutana kwenye foleni ya lifti asubuhi ya usaili wa chuo cha biashara, ukumbi mzima ukinuka manukato na woga. Binti, mwoka keki, alivaa gauni la bluu na viatu vilivyombana. Nyuma yake alisimama kijana muuza rangi za nyumba, tai imemkaba.

"Dada, ukizimia nitakudaka," alimtania.

Binti akamwambia ajidake mwenyewe kwanza, jasho limeshamlowesha kola. Chuo kile huchukua wachache mno, lakini hao wawili walitoka pale wamepeana namba, na mapenzi yakashika moto. Kila jioni simu, mpenzi hivi, mpenzi vile, wakiota kusoma darasa moja.

Majibu yakatoka. Binti kapata, kijana kakosa.

Basi, mwanaume na kiburi chake! Badala ya kusema, akazima simu. Dukani kwa shangazi yake akawa anakoroga kopo lile lile la rangi, anatoka mlangoni, anarudi, anawafokea wateja. Alijiambia msomi hawezi kumtaka aliyeachwa nje. Binti naye alipiga mpaka akachoka, akaamini kuna mwanamke mwingine.

Uvumilivu ulipomshinda akaingia dukani na aproni yake ya unga, akauliza huyo mwenzake ana nini asichonacho yeye.

Kijana akainama. "Hakuna mwanamke. Wamenikataa."

"Wewe umekataliwa na chuo. Mimi nimekataliwa na wewe. Nani alie?"

Hapo kijana akamwaga yote. Kwenye usaili walimuuliza kuhusu siku aliyoshindwa kazini, naye kwa kujikweza akajibu hajawahi. Shangazi akaguna kule kaunta, akamkumbusha ukuta wa zahanati uliotoka rangi mbili kwa mchanganyiko wake. Binti akasema yeye aliwasimulia alivyounguza keki ya harusi, na alivyomkabili bibi harusi.

"Mwakani nitaomba tena," kijana akasema. "Nitawaambia nilimzimia simu mtu ninayempenda."

"Usingoje mwakani. Niambie mimi."

"Nilikosea. Nilikuonea aibu. Nisamehe, mpenzi."

Binti akamuuliza kama atamsindikiza Jumatatu, siku ya kuanza masomo. Kijana akarudi kukoroga kopo lake. Kurudi kwenye mlango uliokufukuza si mchezo.

"Nitakusindikiza," alisema mwishowe. "Ila ukiona nalia, usiniangalie."

"Nitakuangalia," binti akasema, akamshika mkono wenye rangi.