Ufa Kwenye Ukuta wa Kibla

Ukumbi wa wasafiri wanaowasili ulifurika watu, kila mmoja akiita jina la mgeni wake. Binti mwongoza wageni alisimama katikati ya msukumano, baibui lake jeusi lina nakshi ya fedha mikononi, ameinua kibao cha kampuni yake ndogo ya matembezi. Ghafla kitu kizito kikamgonga bega, na kibao kikaruka.

"Samahani sana, dada. Ni miguu yangu hii."

"Miguu yako imefikaje begani kwangu?"

Kijana akacheka, akamwonyesha mfuko mrefu aliobeba. Ndani mlikuwa na stendi ya miguu mitatu ya kupimia ardhi. Alivaa shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyekosa usingizi.

"Basi wewe ni Bwana Miguu Mitatu," binti akasema. "Pole na safari."

"Nishapoa. Na wageni hawa unawapeleka wapi?"

"Juu kilimani, kwenye msikiti wa kale."

Tabasamu likafifia usoni mwa yule kijana. "Ule wa msituni? Naomba niende nanyi."

Walipanda kwa miguu, maana binti hakuruhusu gari kupita ukingo wa msitu. Kundi lake lilikuwa dogo kila mara. Chupa za plastiki ziliachwa chini, viatu vikavuliwa mlangoni. Msikiti ulikuwa wa mawe, umeegemea mwamba, na chemchemi ya kilima ilijaza birika la kutawadhia tangu enzi za masheikh waliozikwa pembeni yake. Baba yake binti ndiye aliyekuwa mwadhini hapo. Wageni walikuja kwa ajili ya miti na ndege, wakakuta utulivu uliowafanya wanong'one bila kuambiwa.

Siku hiyo maji ya birika yalikuwa na rangi ya chai.

"Huwa hivi?" kijana akauliza.

"Sijawahi kuyaona hivi," binti akajibu, na sauti yake ikamshtua mwenyewe.

Kijana akaenda kwenye ukuta wa kibla, akaingiza ukucha kwenye ufa mwembamba. Kisha akageuka kutazama mteremko uliokuwa chini yao.

Jioni kijana akapiga simu; namba aliichukua kwenye kibao. "Kiongozi, umefika salama?"

"Nimefika. Unataka nini, Miguu Mitatu?"

"Sauti yako tu. Nikikosa kuisikia chakula hakishuki."

"Mwongo mkubwa! Sahani umeshaimaliza."

"Nimeimaliza, lakini kwa huzuni."

Binti akacheka hadi mama yake akachungulia mlangoni. Tangu hapo simu hazikukatika. Walikutana kwenye mgahawa karibu na ofisi ya binti, wakanywa juisi ya machungwa, wakataniana. Ila kila binti alipomuuliza anampimia nani ardhi, kijana alijibu, "Barabara tu, mpenzi," na kutazama dirishani, kule kilima kilikoinama juu ya mji.

Asubuhi moja binti alisikia mngurumo chini ya msitu. Matingatinga yalikuwa yamekata ubavu wa kilima, wekundu wa udongo umeachwa wazi kama kidonda. Palikuwa pakijengwa maegesho ya mabasi ya hoteli kubwa. Na katikati ya vumbi, amevaa kofia ngumu ya kampuni ya ujenzi, alisimama Bwana Miguu Mitatu.

"Kumbe ndiyo barabara tu!"

"Nisikilize, mpenzi..."

"Usiniite hivyo! Nilikuingiza mahali anaposwalia baba yangu, kumbe unatupimia kaburi!"

Akashuka mbio, machozi yakimchanganyikia na vumbi. Simu ikaita, akaikata; ikaita tena, akaizima. Alipoiwasha akakuta ujumbe wa sauti: "Kiongozi, usipeleke mtu kilimani. Nakuomba, hata ukinichukia."

"Anataka pawe patupu ili kampuni yake ipachukue," akamwambia mama yake.

Ijumaa akapanda na wageni kama kawaida. Msituni hapakuwa na ndege hata mmoja. Miti miwili njiani ilikuwa imeinama kuelekea mji, mizizi yake ikichungulia. Alipofika msikitini, birika lilikuwa kavu, na ule ufa sasa ungemeza kiganja.

Akawageukia wageni. "Jamani, tunashuka. Sasa hivi! Viatu mtavaa mbele!"

Wageni wakatoka. Baba yake hakutoka. Alikuwa akikusanya misahafu ya zamani, mmoja mmoja, kwa upole.

"Baba, nakuomba!"

"Nitawezaje kuiacha, mwanangu?"

Ardhi ikanguruma kwa chini, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Mlangoni akatokea kijana, anahema, shati limechanika, kichwa wazi. Akavua shati na kulitandaza.

"Mzee wangu, iweke yote humu. Misahafu nabeba mimi, na wewe mshike binti yako."

Mzee akamtazama, kisha akaweka. Hawajafika mbali ukuta wa kibla ukafunguka nyuma yao, na ua wote, pamoja na makaburi ya masheikh, ukateleza bondeni kwa kishindo kilichojaza vumbi mdomoni.

Walipopata pumzi wakajikuta wamekaa ukingoni mwa msitu, wageni wametangulia salama, mzee amekumbatia misahafu.

"Niliwaambia wakubwa wangu kilima kitateremka," kijana akasema. "Mara tatu. Jana wakanifukuza kazi. Lakini wewe nilikuficha tangu mwanzo kwa kuogopa kukupoteza. Hilo ni kosa langu."

"Ni lako," binti akasema. "Na mimi nilikuzimia simu." Akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya ushungi.

"Nataka kukuoa. Najua si mahali pake."

"Baba huyo hapo. Mwambie."

Mzee hakugeuza kichwa. "Nimesikia, na nimeridhia. Lakini tazameni kule."

Wakatazama. Ufa ulikuwa umepita maegesho na kuingia barabara ya kwanza ya mji, mwembamba, mweusi, ukipenya kati ya nyumba ambamo watoto walikuwa wakicheza na kina mama wakianika nguo. Chini kabisa, kilima kikanguruma tena.

Binti akasimama, akamnyooshea mkono mchumba wake. Wakashuka mbio pamoja, wakaanza kugonga milango.