Chupa Iliyorudi Tupu

Kila asubuhi, kabla hajafunga kamba za viatu vyake, Gaëlle alijaza maji chupa ya mdogo wake Parfait. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika vyumba viwili ambavyo familia yao, iliyotoka Kongo, ilipanga katika mtaa wa La Rochelle, Johannesburg. Baba yao, Papa Octave, alikuwa mlinzi, na mama yao, Mama Denise, aliamkia kwenye cherehani. Sheria ya mama ilikuwa fupi: chupa ya Parfait itoke imejaa, irudi tupu.

Gaëlle, msichana wa miaka kumi na miwili, alijua kwamba mdogo wake ana ugonjwa wa damu uitwao seli mundu, ambao Wakongo wengi huuita SS. Alijua pia sheria ya pili, iliyosemwa kwa sauti ya chini. Habari hii isitoke nje, na hasa isimfikie Tantine Falonne, dada wa baba. Mama aliogopa mawifi wangesema ameingiza damu mbaya katika ukoo wao. Basi wakaishi na siri hiyo kama watu wanaolala na mtungi wa gesi unaovuja, kila mmoja akijifanya hasikii harufu.

Mwezi wa Juni, baridi ikiuma na hewa ikiwa kavu hata midomo inapasuka, Mama Denise aliitwa Lubumbashi kumzika mama yake. Papa Octave naye alipelekwa kulinda ghala nje ya mji, mahali ambapo mlinzi haruhusiwi kushika simu akiwa zamu. Tantine Falonne akaja kukaa na watoto. Alikuwa mwanamke mwenye upendo, tena mpishi hodari, lakini akisema neno amesema. Ijumaa asubuhi alitangaza mfungo mkavu, bila chakula wala maji, kumwombea Mama Denise arudi salama katika safari ndefu ya basi. Watoto nao wangefunga kutwa mpaka jioni, kila siku hadi mama yao afike.

Gaëlle alitaka kupinga. Mtoto amjibu tantine yake? Na akimjibu, atasema nini bila kuitoa siri? Akaona atumie ujanja. Alijaza chupa kama kawaida, akaisokomeza chini ya madaftari ya Parfait, akamnong'oneza anywe shuleni. Parfait, ambaye alikuwa na miaka saba, aliitikia kwa kichwa huku akitazama pembeni.

Siku hiyo Mwalimu Mayasa alikuwa na somo la seli. Alizaliwa Morogoro, mama yake akiwa Mtanzania na baba yake Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, hivyo Gaëlle akikwama kwenye Kiingereza, mwalimu humweleza kwa Kiswahili. Aliweka ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu chini ya hadubini. Gaëlle alipochungulia aliona vyumba vidogo vimepangana kama matofali. Mwalimu akamweleza kwamba kila chumba ni seli moja. Ukuta wa nje huipa umbo na nguvu. Ndani ya ukuta kuna utando, mithili ya bawabu, unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Kiini hushika maelekezo ya kazi zote, na saitoplazimu ni uteute ambamo kazi zenyewe hufanyika. Vakuoli, lile pipa kubwa la katikati, hutunza maji. Seli za majani zina pia kloroplasti, ambazo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Kitunguu hukulia gizani, kwa hiyo hakina.

Kisha mwalimu akadondosha maji ya chumvi. Polepole, vilivyomo ndani ya seli vikasinyaa, vikabanduka kutoka ukutani, maana chumvi ilikuwa inavuta maji yake nje. Gaëlle aliikumbuka chupa ya Parfait. Akauliza kama seli za mtu nazo hufanya hivyo.

"Seli ya mtu haina ukuta," alisema Mwalimu Mayasa. "Wala haina pipa kubwa la akiba. Ina utando laini tu. Maji yakiisha, haina pa kujishikiza."

Gaëlle akauliza tena, kana kwamba ni swali tu, kuhusu seli mundu. Mwalimu akamweleza kwamba seli nyekundu za damu ni duara na laini, na hata kiini hazina, ili zibebe hewa nyingi na kupenya mishipa myembamba. Za mwenye ugonjwa huo, mwili ukikauka au ukipigwa na baridi, hujikunja kama mundu, zikanasa na kuziba njia. Halafu akamuuliza Gaëlle kama nyumbani kwao kuna mgonjwa. Gaëlle akasema hapana.

Alasiri alikimbilia begi la Parfait. Chupa ilikuwa tupu. Alishusha pumzi, akajiona mjanja kweli.

Jumamosi Parfait hakuinuka kitandani. Alisema miguu inamuuma, kisha mgongo, kisha kifua. Tantine Falonne alimpaka mafuta ya maombi, akasema shetani anapigana na mfungo wao, basi wasilegee. Alipokwenda jikoni, Gaëlle alimgeuza mdogo wake kwenye mwanga wa dirisha. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka njano. Akamuuliza kuhusu maji ya jana.

"Nilimwagilia spinachi za bustani ya shule," Parfait alisema, machozi yakimtoka. "Nilitaka kufunga kabisa, ili Mama afike."

Spinachi ndizo zilizokunywa maji ya Parfait, zikayaweka kwenye mapipa yao. Yeye hakuwa na pipa. Gaëlle alisimama, akaingia jikoni.

"Tantine, Parfait ni SS," alisema. "Mama alinikataza nisikuambie. Akikosa maji damu yake inaziba. Imeshaanza kuziba."

Gaëlle alijikaza kupokea kofi, lakini halikuja.

"Na mimi ndiye niliyemnyima maji," alisema Tantine kwa sauti ndogo.

Akachota maji, akamnywesha Parfait kidogo kidogo, kisha akamwita jirani yao Gustave mwenye bakkie, gari dogo la kubebea mboga. Njiani kila robot, yaani taa ya barabarani, waliyoifikia ilikuwa nyekundu. Parfait alikuwa ameacha kulia, na jambo hilo ndilo lililowatisha zaidi.

Hospitalini alitundikiwa dripu, akavalishwa barakoa ya oksijeni. Daktari alisema kifua kilikuwa kimeanza kushikwa, na kwamba wangengoja mpaka Jumapili wangeambiwa maneno mengine. Tantine alinong'ona kwamba ukoo wao haujawahi kuwa na damu hiyo. Daktari akamjibu kwa upole kwamba maelekezo ya kutengeneza damu yamo ndani ya viini vya seli, nusu hutoka kwa baba na nusu kwa mama. Mtoto haugui ugonjwa huu mpaka apewe maelekezo yenye kasoro na pande zote mbili. Tantine akaelewa kwamba nusu ilitoka kwa kaka yake.

Mama Denise aliporudi, alikwenda hospitali moja kwa moja na mizigo yake. Alimshika mkono Tantine Falonne, akamwomba radhi kwa kumficha, na Tantine naye akaomba radhi kwa maneno ya mawifi yaliyomtia hofu mpaka akaficha. Ndipo mama akamgeukia Gaëlle.

"Hofu ilikuwa yangu, mwanangu, nikakufunga mdomo wewe," alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa nusura kimchukue asiyeficha kitu. Anayemlea mgonjwa lazima ajue ugonjwa wake. Na mkubwa akikosea, mwambie kwa adabu, lakini mwambie."

Jumatatu iliyofuata Gaëlle alimweleza Mwalimu Mayasa ukweli.

Parfait alitoka hospitali, lakini ugonjwa hakuuacha kule. Umo katika damu yake, na baridi ya Johannesburg hurudi kila mwaka. Siku hizi Tantine Falonne hupita asubuhi kabla ya kazi, akakaa mbele ya Parfait na chupa mkononi. Kuona chupa tupu hakumtoshi tena. Hulitazama koo la mtoto mpaka limeze.