Hodi ya Nne

Shija alivaa joho la hisia, kiigizo cha darasani kikawaka, na mwili wake ukageuka lango la mtandao. Pakiti zikamjia kama wageni: kila ujumbe umekatwa vipande, kila kipande ndani ya bahasha yenye anwani kinakotoka, anwani kinakokwenda na nafasi yake kwenye ujumbe. Kazi yake kusukuma. Hii kushoto, ile kulia.

"Usisome barua za watu, binti," Mwalimu Rwechungura alimwambia masikioni. "Soma bahasha tu. Lango likianza umbea, mtandao umekwisha."

"Na ile iliyozuiwa?"

"Itabisha hodi mara tatu. Kimya? Inakufa. Mitambo ina adabu kuwashinda ninyi."

Shija akacheka. Hodi tatu bila jibu, unarudi zako, wenyewe hawapo. Bibi yake alimfunza hivyo hivyo.

Lakini ikaja moja ikabisha mara ya nne. Ikabisha tena. Ilikuwa kipande cha mwisho cha ujumbe, na anwani kilikokwenda Shija aliijua kama jina lake mwenyewe. Simu ya mama.

Vipande vya mwanzo vilifika Shija akiwa bado mtoto, siku wafanyakazi wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, walipogoma na wakubwa wakauzima mtandao wa Igembe nzima. Waliita *matengenezo*. Neno safi, kama sabuni. Mama alivisoma vipande vile mpaka anaingia kaburini: *Mama, ni mimi Limbu. Wametufungia kwenye* — basi.

"Mwalimu, hizi pakiti mmezitoa wapi?"

Akakohoa. "Ni za zamani. Zilizuiwa siku ya matengenezo. Kwa kufundishia, hakuna mfano bora."

"Mbona hii haifi?"

"Kwa kawaida kila lango huipunguzia pakiti umri, ukiisha inatupwa. Hizi tumeziondolea umri ili kila darasa lizitumie. Itupe. Ndilo zoezi lenyewe."

"Kaka yangu yumo humu."

"Humo mna herufi tu, mwanangu. Itupe, upate cheti chako."

*Hodi.*

"Karibu," Shija akasema, akaichana bahasha.

*ghala la mbegu, nyuma ya jineri. Hewa inaisha. Njooni.*

Ghala la mbegu! Mama alikuwa akipita ubavuni mwake kila asubuhi, akienda kituo cha polisi kuulizia mwanawe, na kila asubuhi afisa alimjibu kwamba huenda kijana ametorokea mjini.

"Umefanya nini?" Mwalimu alifoka. "Hiyo ndiyo iliyokuwa mbele ya foleni! Umeifungulia foleni yote!"

Nyuma ya bahasha ya Limbu, giza lilianza kunong'ona. *Hodi.* Sauti ya kike. *Hodi, baba. Hodi jamani, hodi.* Zilijipanga nyuma mpaka pasipoonekana, bahasha chakavu za siku ile ya mgomo, zimebisha kwenye madarasa mangapi, zikatupwa, zikafufuliwa.

"Shija, funga lango! Wenyewe hawapo tena!"

Shija alinyoosha mikono yote miwili.

"Karibuni," aliziambia. "Tulikuwemo ndani siku zote. Wakubwa ndio walioushikilia mlango."