Kijistari Juu ya Herufi E

Kila asubuhi, baada ya sala, sisi wasichana wa darasa la sita tulivaa aproni juu ya sweta zetu za bluu na kutoka kwenda kwenye ukuta wa lango. Mvua ikinyesha tulitoka, na isiponyesha tulitoka pia, huku tukishangaa imekwenda wapi. Shule yetu ya Mtakatifu Dympna, hapa mjini Kilcorran, ilikuwa inatimiza miaka mia tangu masista waifungue, na Mwalimu Hanratty alikataa katakata tuishie kuimba na kula keki tu. Alitaka tuupambe ukuta kwa vipande vya vyombo vilivyovunjika.

"Kila nyumba ilete chombo chake," alituambia. "Kikombe, sahani, chochote. Mama zenu na bibi zenu wamesoma hapa, na nataka wote waonekane ukutani."

Loo, vyombo vilivyoletwa! Mama yangu alitoa birika la chai lililokosa mdomo. Sista Perpetua, aliyefundisha hapo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alitoa kikombe chake cha bluu. Nasikia kuna akina mama waliovunja sahani nzima makusudi ili wasikose nafasi.

Katikati ya ukuta yangekaa maneno mawili ya Kiayalandi, lugha ya kale ya nchi yetu: CÉAD BLIAIN, yaani miaka mia. Kiongozi wa herufi alikuwa Gráinne Tuohy, na hakuna aliyeshangaa. Gráinne alikuwa wa kwanza darasani kwa Kiayalandi. Kila likizo ya kiangazi alikwenda pwani ya magharibi kukaa na watu wanaokizungumza nyumbani kwao, na akirudi kichwa kimemvimba hata kofia haimtoshi. Siku ya sherehe, yeye ndiye angesimama mbele ya Askofu na mji mzima ayasome maneno hayo. Alikuwa akifanya mazoezi hata kwenye foleni ya chakula.

Herufi E alipewa Zuzanna. Wazazi wake walitoka Poland, lakini yeye alizaliwa katika hospitali ileile tuliyozaliwa sisi. Mikono yake ilikuwa mitulivu. Aliipanga E yake vizuri, kipande kwa kipande, kisha akachagua mkono mwembamba wa kikombe, akauweka juu yake. Kijistari hicho tunakiita fada, na kazi yake ni kuirefusha sauti ya herufi.

"Hiyo umeiweka wapi?" Gráinne akamuuliza.

"Juu ya E. Ni fada yake."

"Aka! Itoe. Itaukata mstari wangu."

Juu ya maneno Gráinne alikuwa amepanga mstari wa vipande vyenye ukingo wa dhahabu, vya sahani ya harusi ya bibi yake. Ulikuwa mstari mzuri, umenyooka, na alikuwa amemwahidi bibi yake kwamba hautakatika popote.

"Lakini bila fada neno linabadilika," Zuzanna akasema.

"Herufi kubwa haziwekwi fada, bibi wee! Leo wewe ndiye wa kunifundisha mimi Kiayalandi?"

Zuzanna akautoa ule mkono wa kikombe na kuurudisha kwenye ndoo. Mimi nilikuwa nakoroga saruji karibu nao, nikasikia yote. Nilidhani Gráinne anajua anachosema. Nani angebishana naye?

Alasiri ya mwisho kabla ya sherehe, saruji ikiwa imekauka, Sista Perpetua alikuja na fimbo yake kuangalia kazi. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, taratibu. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Wanangu," akasema, "mnamwomba nani ruhusa?"

Tukasoma upya. Mama yangu! Neno CÉAD likikosa fada si mia tena, ni ruhusa. Na sisi sote tunalijua neno hilo tangu darasa la watoto wadogo, maana usipolisema kwa Kiayalandi mwalimu hakuachi uende chooni.

"Ruhusa ya mwaka!" mmoja akapiga kelele. "Mwalimu, naomba ruhusa ya mwaka mzima niende chooni!"

Tulicheka mpaka tukashikana mikono tusianguke. Mwalimu Hanratty hakucheka. Kesho Askofu anakuja, na ukuta wa shule mbele ya mji mzima unaomba kwenda chooni.

"Nani aliyepanga E?" akauliza.

Zuzanna akainua mkono.

Sura ya Mwalimu ikalainika, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. "Ah, basi. Si kosa lako, mwanangu. Kiayalandi si lugha ya kwenu, ungejuaje? Nilipaswa kumpa mtu mwingine."

Zuzanna alikuwa mwekundu hadi masikioni. Ingekuwa amekaripiwa, nadhani angevumilia. Kuonewa huruma kwa jambo analolijua kuliko wengi wetu kulimuuma zaidi, na machozi yakamlenga. Alimtazama Gráinne tu.

Gráinne alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikampiga kiwiko. "Sema," nikamnong'oneza.

"Nikisema, kesho sisomi."

"Usiposema, nasema mimi."

"Ngoja. Nyamaza kwanza." Nikamwona anapigana na nafsi yake pale pale, mdomo unafunguka na kufumba. Nilimhurumia, nisiseme uongo, maana nilijua jinsi alivyoitamani siku hiyo. Kisha akapiga hatua mbele, na sauti yake ilitoka nyembamba ajabu.

"Mwalimu, Zuzanna aliiweka. Fada aliiweka. Mimi ndiye niliyemwambia aitoe. Nilisema herufi kubwa hazina fada, lakini sikuwa na hakika. Nilichotaka ni mstari wangu usikatike."

Kicheko chote kikazimika.

Mwalimu Hanratty akamgeukia Zuzanna kwanza. "Nisamehe, Zuzanna. Nimekuhukumu kwa jina lako, na lugha hii ni yako kama ilivyo yangu. Kesho utasoma wewe."

Kisha akamkabidhi Gráinne nyundo na patasi.

Kipande cha dhahabu kilichokaa juu ya E kilikuwa kizuri kuliko vyote. Gráinne alikigonga taratibu, kikagoma. Akagonga tena huku akilia waziwazi, kikatoka vipandevipande. Mimi nikakoroga saruji mpya. Zuzanna akaupata ule mkono wa kikombe ndooni, akaupaka saruji nyuma, akamshikisha Gráinne.

"Weka wewe," akamwambia.

"Mimi? Kwa yote niliyokufanyia?"

"Mimi nilishaiweka mara moja. Na uiinamishe upande wa kulia, usije ukatuharibia tena."

Gráinne akacheka katikati ya kilio, akaiweka.

Siku ya sherehe lango lilijaa watu. Akina mama walikuwa wakitafuta vyombo vyao ukutani na kuvutana mikono: "Kile pale! Bakuli letu la uji!" Zuzanna alisimama mbele ya Askofu, akavuta pumzi, akasoma. É yake ilikuwa ndefu na safi, nayo ikafika mpaka barabarani. Watu walipiga makofi sana. Baba yake, fundi mabomba, alipiga makofi kupita wote na hakutaka kuacha.

Baadaye Askofu alikuja tulipokuwa tumesimama na vikombe vyetu vya chai. Mtu alikuwa amemwambia kwamba kiongozi wa herufi ni Gráinne, akampa mkono.

"Hongera, binti. Kazi safi. Hata fada hamkuisahau! Siku hizi watu wengi wanaisahau."

Hakuna ambaye angejua. Asante moja tu ingetosha.

"Fada ni ya Zuzanna, Baba Askofu," Gráinne akasema. "Mimi ndiye niliyeitoa, halafu nikaacha alaumiwe yeye. Ngoja nikuitie."

Akaenda kumtafuta katikati ya watu. Sista Perpetua, aliyekuwa ameketi karibu na meza ya mikate, alimfuata kwa macho, kisha akatugeukia sisi tuliobaki.

"Mmeona?" akatuambia. "Kosa la ukutani mlilitoa kwa nyundo. Lakini kosa alilobebeshwa mwenzako, wewe mwenyewe ndiye wa kulitoa, na ni kwa mdomo wako. Jana alisukumwa ndipo akasema. Leo hakusukumwa na mtu. Sasa ndiyo naweza kusema amejifunza."