Kitanda cha Pili

SAA NANE MCHANA

Chumba cha nyuma cha karakana ya Thrasos, pale Drapetsona kando ya bandari, kilinuka dizeli na pweza wa kuchoma. Watu watatu. Meza moja. Chupa ya raki, pombe kali ya kwetu, iliyofika nusu. Thrasos alikuwa ameichora meli kwa chaki juu ya meza, sitaha kwa sitaha.

"Narudia mara moja tu," alisema. "Meli inaondoka saa tatu usiku. Lori langu linaingia mapema, lina kreti tupu za machungwa, linarudi kisiwani Krete. Mimi dereva, nina tiketi, sina noma na mtu. Bibi yuko sitaha ya saba, chumba cha watu wawili. Yuko peke yake. Vitanda kalipia vyote viwili."

"Nani analipia kitanda asichokilalia?" Loukia alicheka.

"Asiyetaka jirani. Mwenye mzigo."

Mchongo aliuleta Loukia. Aliishi Nikea, mtaa mmoja na huyo bibi, Evanthia. Mtaa mzima ulijua kwamba bibi aliuza kioski cha marehemu kaka yake, akazikataa benki, akanunua sarafu za lira za dhahabu, zile ambazo wazee wetu huzishonea ndani ya magodoro. Sasa alikuwa anahama kabisa, anarudi kwao Krete. Alikwenda ofisi ya tiketi mara mbili. Aliuliza kama chumba kinafungika kwa nje. Aliuliza kama ni lazima sanduku lake likae stoo ya mizigo.

"Sanduku gani?" aliuliza Sifis.

"La kubeba kwa mikono miwili. Halimtoki mikononi."

Sifis alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli hiyo. Alikuwa na kadi inayofungua kila mlango wa sitaha ya saba, na nyingine ya mlango wa kushukia kwenye magari, ambao ukifungwa safarini haufunguliwi na abiria. Bila Sifis hapakuwa na dili. Yeye naye alikuwa Mkrete, mtoto wa milimani juu ya mji wa Hania. Kati ya wale watatu, yeye ndiye aliyepaswa kuuliza swali moja zaidi kuhusu lile sanduku. Hakuuliza.

Simu yake ililia. Aliangalia, akageukia ukutani.

"Mama, niko kazini… Ndiyo, safari hii. Namleta… Nimesema namleta, mama. Kesho asubuhi." Aliuma ulimi. "Hapana, usije bandarini. Mama? Mama!"

Simu ilikuwa imekatika.

"Unamleta nani?" Thrasos aliuliza.

"Baba."

"Si alishakufa?"

"Ndiyo."

Hawakuuliza zaidi, hilo kila mtu kwetu analijua. Kwenye makaburi ya mjini marehemu hupewa miaka mitatu. Ikiisha, watu wake huja, hufukua, huosha mifupa kwa divai, huitia sandukuni pamoja na kijiti cha mrehani na kuipeleka nyumbani. Asiyefuatwa hutupwa kwenye shimo la wote, bila jina. Miaka ya baba yake Sifis iliisha zamani. Sifis hakuwa gerezani wakati huo, wala hakuwa mgonjwa. Aliahirisha tu. Wiki hii, wiki ijayo, mpaka alipokwenda na kuoneshwa shimo. Mama yake hakuambiwa. Aliambiwa "safari ijayo", mwaka baada ya mwaka.

Kesho asubuhi Sifis angeshuka amejificha ndani ya lori. Kazi na mama angewaacha hapo hapo gatini. Ndivyo alivyopanga, na akaupongeza mpango huo kwa raki.

SAA MBILI USIKU

Evanthia alipanda ngazi ya umeme amekumbatia sanduku. Mwanamke mfupi, amevaa nyeusi tupu kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Sanduku lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono.

"Nikusaidie, mama," Sifis alisema.

"Acha, mwanangu. Hili nalibeba mwenyewe."

Alipita karibu naye. Sifis alisikia harufu ya divai na mrehani. Alimfungulia chumba, akamwonesha bafu, taulo, visabuni vidogo na kitundu cha kadi kinachowasha umeme.

"Nikitoka na kadi, taa inazima?" bibi aliuliza.

"Inazima, mama. Zote."

"Na nikiiacha?"

"Inabaki inawaka. Lakini utajifungia nje."

"Si wewe utanifungulia." Alitabasamu. "Kwenu wapi?"

"Juu ya Hania."

"Nilijua. Una uso wa watu wa kwetu. Hebu nipatie blanketi jingine, la kitanda cha pili."

Alimletea. Dhahabu haisikii baridi. Wazo hilo lilimjia akiwa mlangoni. Alilifukuza, akaenda kugawa taulo chumba cha jirani.

SAA TATU NA NUSU

Loukia aliifanya kazi yake vizuri mno. Alimkuta bibi koridoni, akamwita "jirani yangu wa Nikea", akamshika mkono. Bibi alisitasita, akatazama nyuma mlangoni. "Dakika chache tu, mama, ule kitu cha moto. Huwezi kwenda mpaka Krete na njaa." Wakapotelea kwenye mgahawa, kati ya wanajeshi wa likizo na madereva waliojaza sahani za nyama na tambi.

Sifis alifungua mlango. Thrasos aliingia nyuma yake akisukuma toroli la mashuka.

Taa ndogo juu ya kitanda cha pili ilikuwa inawaka. Chini yake sanduku lililala katikati ya godoro, limefunikwa blanketi vizuri mpaka juu, kama mtu anavyomfunika mtoto. Kwenye mto kulikuwa na kijiti cha mrehani.

Hapo Sifis alijua. Aibu yenyewe ndiyo hiyo, wala tusimtafutie kisingizio. Hakudanganywa na mtu.

"Thrasos…"

"Nyanyua."

"Thrasos, ngoja kwanza."

"Nyanyua, bwege! Unataka tunyakwe?"

Alinyanyua. Sanduku lilikuwa jepesi. Jambazi yeyote anajua dhahabu ina uzito gani. Walitazamana.

"Noti, basi," Thrasos alisema haraka. "Kazibadilisha tena. Twende."

Sanduku lilizama chini ya mashuka machafu. Walishuka na lifti ya wafanyakazi. Sifis alifungua mlango wa chini, Thrasos akapotea kati ya malori, mlango ukajifunga. Sifis alirudi juu, akasimama koridoni mikono nyuma, kama mhudumu mwema.

SAA NNE USIKU

Bibi alirudi mapema kuliko walivyopanga. Loukia alikuja nyuma yake.

"Mwanangu, nifungulie. Si unaona nilivyojifungia."

Sifis aliingiza kadi. Ilibidi afungue yeye, kwa mkono wake, na ilibidi asimame pale akimtazama bibi anaingia. Taa ilikuwa bado inawaka. Blanketi lilikuwa sakafuni.

Bibi hakupiga kelele. Aliinama, akaangalia chini ya kitanda, akaangalia bafuni. Akarudi.

"Yuko wapi Nikiforos?"

Sifis aliokota blanketi, akaanza kulikunja.

"Mwanangu," bibi alisema. "Nilimfukua juzi. Nimemwosha mwenyewe. Namrudisha nyumbani. Nani amchukue? Ana nini cha kuchukuliwa?"

"Walisema una dhahabu," Loukia aliropoka. Kisha akajiziba mdomo.

"Dhahabu?" Bibi alimtazama bila hata kumshuku. "Dhahabu iliishia hospitali alipougua, binti yangu. Yote. Sasa nimebaki naye tu."

Akatoka koridoni, akaanza kugonga milango. Chumba baada ya chumba. Samahani, mmemwona mtoto wangu, yuko kwenye sanduku, ana kitambaa cheupe. Ingekuwa dhahabu, watu wangemwambia aende mapokezi, wakageukia upande wa pili wakalala. Lakini kila aliyefungua mlango alielewa, akafanya ishara ya msalaba, akavaa viatu. Madereva walitoka na fulana. Mwanajeshi mmoja alilia. Kasisi alikuja mbio na soksi tu miguuni. Waliolala kwenye viti waliamka wakainua mabegi yao wenyewe kutazama chini yake. Hakuna aliyewaamrisha. Meli nzima ilikuwa macho.

SAA NNE NA NUSU

Loukia alimfuata Sifis mpaka chini. Kwenye sitaha ya magari minyororo ililia na sakafu ilitetemeka. Thrasos alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori. Sanduku lilikuwa wazi miguuni pake.

Mifupa ilikuwa misafi, rangi ya nta. Picha ya kijana anayecheka, amevaa jezi. Jina kwenye kibati.

"Umenifanyia nini, Sifis?" Thrasos alisema kwa sauti ndogo. "Nimeacha kazi zangu nikaja kuiba maiti?"

"Lazima lirudi."

"Lirudi vipi? Huko juu kumechafuka, nasikia miguu mpaka huku. Linatupwa baharini."

"Ukimtupa," Loukia alisema, "naenda kusema mimi. Nakuapia, Thrasos. Yule mama kanishika mkono mezani, ananikatia nyama yangu."

"Kumbe. Basi kila mtu ni mtakatifu usiku huu." Thrasos aliwasha sigara. Kisha akamgeukia Sifis, na sauti yake ikalainika. "Hatumtupi basi. Tunamficha chini ya kreti. Asubuhi unampelekea mama yako. Si anamsubiri mzee? Mifupa ni mifupa, jamaa yangu. Kibati unakitupa. Mama anafurahi, wewe umetua mzigo. Nani atajua?"

Sifis alilitazama sanduku.

Alilifikiria. Aliona kabisa mama yake akiiosha, akiipanga, akiwasha mshumaa kila Jumamosi, hatimaye ametulia. Aliona simu isiyolia tena. Alilifikiria kwa muda wa kutosha, kijana yule akimtazama kutoka kwenye picha.

"Sifis," Loukia alisema. "Unafikiria kweli?"

Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Alipiga magoti, akafunga kifuniko, akalitandaza kitambaa cheupe. Thrasos aliinuka na spana mkononi. Loukia akasimama katikati.

"Nipige mimi kwanza," alisema.

Thrasos alisita. Kusita huko kulitosha. Sifis alikuwa ameshafika mlangoni na sanduku, Loukia mgongoni kwake. Mlango ukajifunga nyuma yao. Thrasos aliupiga kwa spana, akamtukana mama, baba na ukoo wote wa Sifis, lakini kadi hakuwa nayo.

Kwenye ngazi Loukia alivua viatu, akapotea upande wa viti. Sifis hakumtaja baadaye, hata alipoulizwa.

Koridoni watu walimfungulia njia, wamejibana ukutani pande zote mbili, wanaume wamevua kofia. Ofisa wa zamu akauliza amelipata wapi.

"Stoo ya mashuka," Sifis alisema.

Uongo ulitoka wenyewe, safi, bila jasho. Watu wakampigapiga begani. Shujaa. Evanthia alilipokea sanduku, akalilaza kitandani, akalifunika blanketi. Halafu akamshika Sifis mikono yote miwili na kuibusu, kabla hajaweza kuichomoa.

"Mungu ambariki baba yako aliyekuzaa. Yu hai?"

"Alikufa, mama."

"Amezikwa wapi? Niambie, nikifika nimwashie mshumaa kwanza yeye, kabla ya wangu."

Mlango ulikuwa umejaa watu. Kasisi wa soksi alikuwepo. Ofisa alikuwepo.

"Hana kaburi," Sifis alisema. "Yuko shimoni. Sikwenda kumchukua." Machozi yalikuwa yanamtoka kama mtoto. "Na mlango wako nilifungua mimi, mama. Niliona mrehani, nikajua, nikabeba. Mwenzangu yuko chini kwenye lori la machungwa."

Mikono yake ikaachiwa. Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga.

SAA KUMI NA MBILI ASUBUHI

Bandari ya Suda, Krete. Mlango mkubwa wa nyuma ulishuka na ubaridi ukaingia. Askari wa bandari wawili walimshusha Thrasos kwanza, amefungwa pingu, anatema mate. Walipomgeukia Sifis, Evanthia aliwazuia.

"Huyu alimtoa kitandani. Huyu atamshusha."

Askari walitazamana, wakarudisha pingu mfukoni. Sifis alibeba sanduku, bado amevaa sare ya meli. Bibi alitembea kando yake, mkono juu ya kitambaa.

Gatini ukoo wa Evanthia ulingoja na kasisi wao. Pembeni kabisa, peke yake, alisimama mwanamke mwenye nguo nyeusi. Kwapani ana chupa ya divai. Mkononi ana mrehani. Alikuwa ametoka milimani usiku.

Hakuwaona askari. Alimwona mwanawe amebeba sanduku.

"Umemleta," mama yake alisema. Akapiga magoti kwenye saruji yenye maji, akavuta kizibo kwa meno. "Umemleta, Sifis wangu. Na mimi nilikuwa nimeanza kukudhania vibaya, nisamehe." Akabusu kitambaa cheupe. Askari mmoja alisogea. Evanthia akamzuia kwa kiganja.

"Mama," Sifis alisema. "Inuka. Si yeye."

"Nini?"

"Si yeye. Huyu ni mtoto wa huyu mama. Nilimwiba." Alilishika sanduku vizuri. "Baba hayupo. Walimtia shimoni zamani. Nilichelewa, na nikawa nakudanganya."

Mama yake alibaki magotini. Alimtazama usoni, akatazama askari, akatazama tena uso. Kisha akainuka mwenyewe, polepole, bila kumshika mtu, akampa Evanthia chupa.

"Mmwagie wako," alisema. "Imeshafunguliwa."

Akauweka mrehani juu ya sanduku, akageuka, akaanza kutembea kuelekea kituo cha mabasi. Sifis alitaka kumkimbilia, lakini mikono yake ilikuwa imebeba mtoto wa mtu, na hakuwa na mahali pa kumweka chini.