Ripoti ya Usikivu

Siku hiyo fundi miwani alisaga lenzi sita, akanyoosha fremu ya mwalimu mmoja aliyeikalia kwenye kochi, akafunga duka saa kumi na moja jioni kama kawaida yake. Ungemwona usingejua kuwa ni mtu aliyefiwa na mke miezi minane tu iliyopita. Na hilo ndilo watu walilomsema nalo. Msibani hakulia. Makaburini hakulia. Wakasema atalia akibaki peke yake. Alibaki peke yake, hakulia. Si kwamba alikuwa na roho ngumu. Alijipapasa ndani kama mtu anayetafuta swichi gizani, na mkono wake ukaishia kwenye ukuta mtupu.

Dada yake mkubwa, mpishi wa shule ya bweni, alikuja kumjulia hali Jumapili moja akamkuta anakula wali usio na mchuzi wala chumvi.

"Huu wali una ladha gani?" dada akauliza.

"Sijaangalia," fundi akajibu.

Jioni hiyo hiyo dada alipandisha sanduku lake la nguo hadi ghorofa ya tatu alikoishi fundi, akahamia chumba cha mbele bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kitu pekee ambacho fundi hakukiacha ni redio. Tangu ujanani alikuwa na mazoea ambayo mkewe aliyaita ugonjwa usio na dawa: kutafuta vituo vya mbali kwenye masafa ya kati. Mchana redio yake haikupata ila vituo viwili vitatu vya jirani. Jua likishazama, mawimbi yanapaa na kusafiri, na sauti zinaingia kutoka nchi ambazo hatakanyaga maisha yake yote. Alikuwa amefunga waya mrefu kutoka dirishani hadi kwenye tangi la maji juu ya paa. Alivaa vifaa vya masikioni ili asimkere mtu, akazungusha kitufe kidogo kidogo, na kila alichokisikia akakiandika: saa, masafa, kilichosemwa, usikivu ni ngapi kati ya tano. Kisha hukiandikia kituo barua, kuwaeleza jinsi wanavyosikika huku kwake. Hiyo ndiyo ripoti ya usikivu, na wenye mazoea haya wana sheria moja tu: ripoti haidanganyi. Ulichosikia ndicho unachoandika.

Usiku mmoja, saa saba na dakika kumi, kati ya kituo cha taarifa za habari na kituo cha mahubiri, mahali ambapo siku zote palikuwa na mkwaruzo mtupu, alipata kituo kipya.

Kilikuwa hafifu. Kilikuja na kuzama, kikaja tena. Mtangazaji mmoja mwenye sauti ya uchovu alikuwa anasoma kadi za salamu, taratibu, bila muziki.

"Kadi inayofuata imetoka kwa mke wa fundi miwani. Anamsalimu mumewe, popote alipo. Anasema yeye hajambo. Anasema homa imepoa."

Mke wa fundi alikufa kwa homa ya siku nne.

Mtu mwingine angeng'oa waya. Fundi alitazama saa, akachukua kalamu, akaandika: saa 7:10, salamu, mwanamume, usikivu mbili. Mwandiko wake haukutetemeka hata kidogo.

Mtangazaji aliendelea. "Wasikilizaji wa huko, tunaomba ripoti zenu. Tukipata usikivu mzuri, tutawaleta wenye kadi studio, waseme wenyewe." Kisha akataja anwani. Sanduku la posta mia nne na kumi na saba.

Hilo lilikuwa sanduku la fundi mwenyewe.

Asubuhi alipitia posta kabla ya kufungua duka. Alifungua sanduku lake kwa ufunguo wake, akaweka ripoti ndani, akafunga. Alijiona kama mjinga fulani hivi, lakini kwa mbali, kama anayemtazama mtu mwingine ng'ambo ya barabara. Kesho yake alirudi. Sanduku lilikuwa tupu. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa mfukoni mwake.

Usiku ule mtangazaji alisema, "Tumepokea ripoti ya fundi miwani. Tunamshukuru. Ametuambia usikivu ni mbili. Tutaongeza nguvu za mitambo."

Na kweli sauti ikapanda. Mkwaruzo ukarudi nyuma.

"Mke wa fundi miwani anamsalimu tena mumewe. Na leo anamsalimu wifi yake, mpishi. Ujumbe: wifi, huku jiko ni kubwa."

Dada alirudi kutoka kazini jioni iliyofuata akiwa amefungwa kitambaa mkononi. Mvuke wa sufuria ulikuwa umembabua kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Wenzangu ndio waliopiga kelele," alisema. "Mimi nilikuwa nakoroga tu. Hata sikusikia maumivu. Ajabu, eti?"

Fundi alisema ni ajabu. Usiku alivaa vifaa vyake vya masikioni. Aliandika ripoti ya pili, usikivu tatu, akaipeleka posta.

Alijua kuwa salamu zile ndizo zilizomgusa dada? Watu walimuuliza hivyo baadaye, na hakuwahi kujibu vizuri. Alichojua ni kwamba mtangazaji aliahidi kumleta mkewe studio.

Salamu za pili zilipomfikia, dada aliacha kusengenya walimu wa shuleni kwake. Akaacha kuimba akiosha vyombo. Jioni alikaa kitini, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayetega sikio. Fundi alipomwita, alichelewa kugeuka. Chakula chake kikakosa chumvi, na wote wawili wakakila hivyo hivyo, wakitazamana.

Siku chache baadaye fundi alikwenda kunyoa. Kinyozi wa mtaa ule ndiye aliyemfundisha mambo ya redio zamani, kisha yeye mwenyewe akaacha ghafla, akauza mitambo yake yote. Kibandani hakukuwa na mteja mwingine. Fundi alimtajia saa na mahali pa mshale wa redio, akasema ni kituo cha salamu.

Mashine ya kunyolea ilizimwa.

"Umewaandikia?" kinyozi akauliza kwa sauti ya chini.

"Mara mbili."

Kinyozi alikwenda akafunga mlango. Aliporudi alichukua wembe, akaupitisha kwenye kidole gumba chake mwenyewe, polepole, kama anayekata sabuni. Damu ikachirizika hadi kwenye kifundo cha mkono. Uso wake haukubadilika.

"Miaka kumi na mmoja niko hivi," alinong'ona. "Mama alikuwa ananisalimu. Akamsalimu na mdogo wangu. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne, mdogo wangu ndiye aliyetuma kadi."

"Nani amesalimiwa kwako?" kinyozi akauliza.

"Dada."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Kuzima redio hakusaidii. Nilizima. Bado wanasoma, ila wewe husikii." Kinyozi alifunga kidole chake kwa karatasi. "Andika ripoti nyingine. Waambie husikii. Hakuna kitu, kimya tupu. Kituo hakina haja ya kumsomea mtu asiyesikia."

"Nidanganye?"

"Udanganye."

"Na wewe mbona hukuandika hivyo?"

Kinyozi alimfuta nywele shingoni kwa brashi, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nilitaka kumsikia mama," alisema.

Fundi alikaa dukani hadi giza likaingia, karatasi mbele yake. Aliandika tarehe. Aliandika saa. Kwenye usikivu aliandika sifuri. Chini yake, mahali pa maelezo, aliandika: Sikusikia kitu. Halafu akabaki anaitazama ile sentensi. Alingoja imchome. Aliingoja kama mtu anayengoja kupiga chafya. Haikumchoma. Akakunja karatasi, akaenda posta, akaitia ndani ya sanduku.

Safari hii hakuondoka. Aliweka kiganja kwenye kile kimlango cha chuma. Upande wa ndani, kitu kiliichukua karatasi. Alisikia inavyokwaruza ikiondoka.

Saa saba kasoro dakika tano alikuwa dirishani, redio mapajani. Mlango wa chumba cha dada ulikuwa wazi. Dada alikuwa amelala chali, macho wazi. Midomo yake ilikuwa inachezacheza.

Saa saba na dakika kumi.

Usikivu ulikuwa tano. Hakuwahi kusikia kituo cha mbali namna ile. Alisikia mtangazaji anavyomeza mate. Alisikia kiti kinavyolia.

"Kadi inayofuata," mtangazaji alisema, "ni ya mke wa fundi miwani. Anamsalimu wifi yake kwa mara ya..."

Akanyamaza. Karatasi ilifunuliwa.

"Samahani. Tumepokea ripoti."

Aliisoma yote. Tarehe. Saa. Sifuri.

"Msikilizaji wetu hatusikii," alisema. "Kadi hii haitasomwa."

Nyuma ya mtangazaji kiti kingine kilisogezwa. Mtu akaja karibu na kipaza sauti. Alipumua.

"Hata mimi hanisikii?"

Ilikuwa sauti yake. Ile ile. Yenye mafua kidogo.

"Mume wangu. Hata kidogo?"

Fundi aliziba mdomo wake kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa tu anazuia neno lisitoke.

"Nigongee tu kitu. Nigongee mara moja."

Hakugonga.

"Haya," alisema mkewe, kwa upole, kama alivyokuwa akisema kila fundi alipochelewa kurudi nyumbani.

Sauti ikazama. Mkwaruzo ukapanda, ukajaa pote, na kituo cha mahubiri kikaingia kutoka upande mmoja, kikielea. Fundi alivua vifaa masikioni. Chumba cha pili dada alikohoa, kitanda kikalia, kisha ukapigwa ukelele ulioamsha ghorofa nzima.

"Mkono wangu! Jamani, mkono unaniuma!"

Alilia hadi alfajiri, na fundi akamwagia maji ya baridi kwenye lile babuko, bakuli baada ya bakuli. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote alizowahi kusikia. Alijua hivyo. Alijua tu, kama unavyojua tarehe.

Asubuhi dada alipika chai, akailalamikia sukari, akamlalamikia mwalimu mkuu. Alikuwa amerudi. Kile kituo hakikusikika tena, si usiku ule uliofuata wala baadaye, ingawa fundi aliendelea kukitafuta. Mahali pake pamebaki mkwaruzo hadi leo.

Lakini asubuhi ile, kikombe kikiwa mkononi, dada alisema, "Usiku nimeota upuuzi. Kuna mwanamke amesimama dirishani kwako. Ananiuliza, huyu anasikia?"

Fundi aliweka kikombe chake chini. "Ukamjibu nini?"

"Mimi na usingizi wangu ningejibu nini? Nikamwambia anasikia vizuri sana. Si huyo hapo na redio yake?"

"Naye akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alisogea tu karibu na kioo."

Fundi aliinuka akaenda chumbani kwake. Jua lilikuwa linapiga dirisha kwa ubavu, na juu ya kioo, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, palikuwa na alama. Mtu anayeshinda na vioo hakosei alama ya kioo. Haikuwa ya kiganja. Ilikuwa ya sikio. Sikio la kushoto, limebanwa kwa nguvu, mikunjo yote imetoka.

Aliisugua kwa kitambaa chake cha lenzi. Haikufutika. Ilikuwa upande wa nje. Nje ya dirisha lile hakuna kibaraza wala ukingo. Ni ukuta ulionyooka hadi chini barabarani.

Alichukua rula akaipima. Akaisogelea. Kwenye ncha ya chini ya sikio palikuwa na vitundu viwili vya hereni, kimoja juu ya kingine.

"Dada," aliita. "Mke wangu alitoga sikio mara moja au mara mbili?"

Dada alikuja hadi mlangoni na kikombe chake.

"Wewe ndiye uliyekuwa mumewe," alisema.

Fundi alisimama pale na rula mkononi, akijaribu kukumbuka.